Picha ya Kila Ijumaa kwa Mama Aliye Mbali

Ukiingia katika nyumba zetu nyingi za Chaani, ukutani utakuta picha ya Al-Kaaba, kalenda ya duka la nguo, na pengine ile saa inayoadhini. Picha za watu hazitundikwi. Zimo kabatini ndani ya albamu, chini ya shuka za wageni, wala hazitolewi mpaka mgeni awe amekwisha kunywa chai na kuulizwa hali za kwao. Hapo ndipo albamu huletwa, na kila picha husomwa kama barua: huyu ni marehemu ami yako, huyu ni fulani kabla hajakwenda Jidda, na huyu aliyefumba macho ni wewe mwenyewe, siku ya Idd, ulipotishwa na taa ya mpiga picha.

Siku hizi tuna simu, na albamu zimekoma kunenepa. Jambo hili halikunishughulisha sana mpaka binti yangu alipokwenda Doha kufanya kazi za nyumbani kwa mkataba wa miaka miwili, akatuachia wanawe wawili: wa kiume wa miaka minane na wa kike wa miaka mitano. Ndugu msomaji, ni nyumba ngapi za pwani yetu leo zilizo katika hali hii? Nyanya na babu ndio wazazi, na mama ni sauti ya kwenye simu.

Kila jioni mama mtu akiomba picha. Na watoto kila waionapo simu imeinuliwa wakijipanga wenyewe ukutani, mikono ubavuni kama askari wa gwaride, meno nje. Baada ya miezi michache akanipigia, akasema kwa adabu lakini kwa uchungu: "Baba, hizi picha zote ni moja. Nauona ukuta. Sijui wanangu wanaishije."

Ndipo tukatafuta njia. Wapo watu katika nchi nyingi, wengi wao si mafundi wa kazi hii bali ni wazazi tu, wanaojifunga mwaka mzima kupiga picha moja ya watoto wao kila juma, 52 kwa mwaka, na kila juma lina neno lake. Juma hili neno ni mikono, lijalo ni maji, jingine ni kungoja. Neno hutangulia, kisha picha ndiyo inayotafutwa ili ilijibu neno. Binti yangu alilijua zoezi hili kwa mwenzake wa kazi huko aliko. Tukaafikiana kwamba neno litatoka kwake kila Jumamosi, na picha itamfikia Ijumaa baada ya sala, maana hiyo ndiyo siku yake ya kupumua. Tukaanza Ijumaa ya kwanza baada ya Idd ndogo mwaka jana.

Neno la kwanza lilikuwa viatu. Nilifikiri ni jambo jepesi. Nikenda chuoni alasiri, watoto wamo ndani wakisoma kwa sauti moja, na pale mlangoni vimelala viatu vyao vyote: malapa ya kijani na ya buluu, kimoja kimefungwa kwa waya, kingine kimevaliwa mpaka kisigino kimetoboka, na kiatu cha ngozi cha mtoto ambaye, bila shaka, babake amelipwa mshahara juma lile. Watoto hawamo katika picha hata mmoja. Lakini mama mtu hakuchukua dakika: "Yale ya zambarau ni ya mwanangu. Mbona amevaa ya kushoto mguu wa kulia? Nayaona yamelalia upande." Nami niliyekuwa nikimwona mjukuu wangu kila siku ya Mungu sikuwa nimelijua hilo. Tangu hapo nikaheshimu kazi ya neno.

Hapo sharti niseme kidogo juu ya mwanga, maana wengi hufikiri ubovu wa picha ni ubovu wa simu. Jua letu la mchana ni kali, linaanguka utosini na kuyafanya macho ya mtoto kuwa mashimo mawili. Wakati mzuri ni baada ya alfajiri, au baada ya alasiri linapolala upande wa Miritini. Na kama ni mchana, basi kaa na mtoto barazani, kivulini, uso wake ukielekea uwazi. Mweke mtoto mweusi mbele ya ukuta mweupe, au akiwa na kanzu ya Idd iliyopigwa pasi, na simu itauangalia weupe na kumgeuza mtoto kuwa kaa la moto uliozimika. Dawa yake ni kugusa uso wake pale kwenye kioo cha simu, ili ijue kinachotakiwa ni nini. Zamani hata dawa hiyo haikuwako. Filamu zenyewe hazikusanifiwa kwa nyuso zetu: maabara za kusafishia picha zilipimia rangi zao kwa kadi zenye sura ya mwanamke wa Kizungu, zikiitwa kadi za Shirley, na inaelezwa kwamba kampuni ya Kodak ilisukumwa kurekebisha filamu yake na wenye viwanda vya chokoleti na vya samani, waliolalamika kwamba kahawia moja haitofautiki na nyingine. Kwa ajili ya chokoleti na makabati, naam, si kwa ajili ya watoto wetu.

Ama asili ya kamera, hiyo haitutokei mbali kama tudhanivyo. Miaka elfu moja iliyopita Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra na kufia Misri, alichunguza jinsi mwanga unavyopenya tundu dogo na kuingia chumba cha giza, ukachora ukutani sura ya vilivyo nje. Akayaandika katika Kitab al-Manazir. Simu niliyo nayo mfukoni ni chumba kile kile, kimefupishwa tu.

Najua yuko msomaji ambaye hapa amekwisha kukunja uso na kuuliza hukumu ya sheria. Wanazuoni wamehitilafiana. Wako waliozihesabu picha zote kuwa ni katika zile zilizokatazwa, wasiruhusu ila ya dharura kama pasi na kitambulisho. Na wako, kama Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, waliosema kwamba picha ya kamera ni kukizuia kivuli alichokwisha kukiumba Mola, si kuumba kitu kipya. Mimi si mufti. Kila mtu na amwulize sheikh wake. Lililonishughulisha mimi ni jingine, nalo ni haya na haki ya mtu juu ya sura yake.

Maana watoto hawachezi peke yao. Ukipiga picha ya wawili wako, ndani yake wataingia watano wa watu. Juma la tatu neno lilikuwa mchezo, na wajukuu wangu walikuwa kwenye kibe na watoto wa jirani. Kabla sijainua simu nikaenda kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Wengine walicheka: "Ami, kupiga picha nako kwahitaji hodi?" Lakini mama wa nyumba ya tatu hakucheka. Akaniambia, kitambaa cha kufutia vyombo kingali begani: "Ami, nakuheshimu. Lakini mwanangu asipigwe. Picha ikishatoka mkononi haina mwenyewe, na macho ya watu mimi siyajui."

Vijana wa siku hizi huyaita maneno haya ushirikina. Mimi siyaiti hivyo. Husuda tumefundishwa kuwa ni kweli, ndiyo maana tunasema Mashaallah tukimsifu mtoto, na wako mama zetu wanaompaka mtoto doa la wanja usoni asipendeze kupita kiasi. Wanawake wetu wamekwisha kulijua jambo hili zamani kuliko mtu yeyote: mwaliko wa harusi siku hizi huja na onyo kwamba simu zisitolewe, na mlangoni husimama mtu wa kuzichunga. Mwanamke aliyejipamba kwa ajili ya wenziwe wa kike hataki kesho kuonekana na wauza duka wote wa Mwembe Tayari.

Tazama yaliyomfika yule binti wa Kiafghani. Mwaka 1984, katika kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh huko Pakistan, mpiga picha wa Marekani, Steve McCurry, alimpiga picha mtoto wa kike mwenye macho ya kijani. Juni 1985 picha ikatoka juu ya jarida la National Geographic, ikazunguka dunia nzima. Mwenyewe hakujua. Hata jina lake halikujulikana mpaka alipotafutwa na kupatikana mwaka 2002, mtu mzima mwenye watoto, naye ni Sharbat Gula. Na picha ile iliyotundikwa majumbani mwa watu wasiomjua, yeye hakuwa ameiona hata siku moja. Dunia ilikuwa na uso wake miaka 17, naye hana.

Hapa kwetu, nikumbukavyo, picha ilikuwa na mwenyewe, naye ni yule aliyepigwa. Uliivaa nguo yako, ukaenda mwenyewe, ukalipa, ukairudia baada ya siku kadhaa, ukaichukua. Mjini Mombasa bwana Parekh, mzaliwa wa mji huu, aliwapiga watu wa kila kabila katika studio yake tangu miaka ya 1940. Mtu akija kibarua akitoka bwana, kwa koti na mkao aliopewa. Lamu alikuwako Omar Said Bakor, aliyefariki 1993, fundi wa kukata na kuunganisha, aliyeweza kuutia uso wa mtu ndani ya ua. Unguja familia ya Oza ilifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Na hata wale wapiga picha wa vibanda vya Likoni, karibu na feri, waliowaweka wateja mbele ya pazia zilizochorwa ndege na meli na misikiti, kabla ya machafuko ya Agosti 1997 kuipa kazi yao pigo, walikukabidhi picha yako mkononi. Watoto wakipelekwa kwa mafundi hawa siku ya Idd, kabla ya kuachiliwa bembea za Makadara, kanzu zingali hazina doa la achari.

Basi tukaweka sheria za nyumbani. Picha yapelekwa kwa mtu mmoja tu, mama mtu. Haitiwi mahali pa watu kutazama. Mtoto akisema hataki, neno lasubiri. Na kila mtoto aliyemo, akiwa wa kwangu au wa jirani, nampa nakala ya karatasi niliyoisafishia mjini, aipeleke kwao. Sheria ya nchi nayo, kumbe, inaelekea huko huko: Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulika na habari za mtoto, picha ikiwemo, na Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila ya ruhusa ya wazazi wao.

Na yule mtoto wa nyumba ya tatu? Akawa anasimama kando, wenziwe wakipigwa, akichora mchanga kwa kidole cha mguu. Hali ile ikaniuma. Nikarudi kwa mamake nikamwuliza: "Je, akiwa yeye ndiye apigaye?" Akafikiri. Akasema, "Hapo sawa. Anayeshika kamera haonekani." Basi tangu juma la saba mpiga picha wetu akawa ni yeye, mtoto wa miaka kumi. Nisiseme uongo: ana jicho kunishinda. Mimi mrefu huwapiga watoto utosini. Yeye yuko sawa nao, na hawajipangi ukutani kwa ajili yake.

Juma la neno maji, mfereji wetu ulikuwa mkavu siku ya nne, jambo ambalo mtu wa Chaani halimshangazi. Mkokoteni wa maji ulikuja, na mjukuu wangu wa kike akaleta kidumu chake kidogo, cha lita tano, naye akakaa juu yake akingoja madumu ya wakubwa yajazwe. Ndivyo alivyopigwa: kidevu mkononi, kama bi mkubwa aliyechoshwa na serikali. Ni picha ya kuchekesha. Lakini bwana mmoja mgeni, aliyekuja mtaani kwa shughuli za misaada katika gari lenye maandishi ubavuni, akaonyeshwa na watoto, akanijia barazani. Akaitaka. Akanitajia fedha, na si haba. Alisema sura ile itawagusa wafadhili, ila ingefaa iondolewe rangi kidogo, na kile kibanio chekundu cha nywele kisionekane.

Fedha zile zingelipa karo ya muhula, sifichi. Nikamwambia mwenye mtoto hayuko, nitamwuliza. Usiku nikampigia Doha, nikamweleza yote pamoja na kiasi. Akanyamaza muda mrefu hata nikadhani simu imekatika. Kisha akasema: "Baba, mimi niko huku napiga deki ili mwanangu asiombe. Leo aombewe na sura yake? Mwambie mwanangu hana njaa, ana kiu ya siku nne tu. Akitaka kusaidia na alete mfereji." Nikayafikisha maneno kama yalivyo. Bwana yule akaaga, wala hakurudi, na mfereji haukuletwa. Binti yangu akaniomba juma lile lile nimpelekee nakala nyingine ya picha, yenye kibanio chekundu kikionekana vizuri.

Majuma mengine yalipita tu. Meno, mvua, jiko, usingizi. Neno rangi lilitoa picha mbaya, na neno kimya halikutoa kitu kabisa. Ramadhani watoto walikuwa wazito wa kuamka na wepesi wa kununa, tukapiga mikono tu, ikinyoosha tende kabla ya adhana. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko ule wa kalenda ya dukani kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo Idd ya pili ilitukuta juma la 51, kabla ya zoezi kwisha. Na yule wa kiume kanzu ya mwaka uliotangulia ilikuwa imemfika katikati ya muundi. Mama mtu alizitazama picha mbili za Idd pamoja, akasema neno moja: "Amerefuka."

Lakini picha iliyobakia ni ya neno ndege. Yeye alikusudia wale waliao mitini. Aliwataja hata kunguru wetu wezi wa Chaani. Hakueleza sana, naye mwanawe wa kike aliposikia neno ni ndege alijua moja tu. Uwanja wa ndege wa Moi uko jirani nasi, na kila jioni zinateremka juu ya mapaa yetu, matumbo yao yakionekana hata magurudumu. Kila moja, kwa mtoto yule, imetoka Doha. Akatoka mbio mpaka uwanjani penye takataka, akaweka mkono juu ya macho, akainua kichwa. Mtoto wa nyumba ya tatu alikuwa nyuma yake na simu yangu.

Hakupiga ndege. Alimpiga yeye kwa nyuma: kisogo, nywele zilizosukwa na nyanya yake asubuhi ile, vidole vitano dhidi ya mwanga, na mbingu tupu. Uso haumo. Nilitaka kumwambia arudie ndege nyingine ikija, maana saa hiyo huja kadhaa. Kisha nikaiacha. Ijumaa ikaenda.

"Mbona ndege simwoni?" akauliza mama mtu.

Nikampa simu mpiga picha ajibu mwenyewe. Akasema, kwa haya, "Imekwisha pita, shangazi. Yeye bado aangalia."

Binti yangu aliisafishia picha ile huko huko, akaiweka chini ya mto wake. Mama wa nyumba ya tatu nilimpa nakala yake, maana kazi ni ya mwanawe, naye akaitazama mbele na nyuma, akaipeleka kabatini alikokwisha kuweka shahada za shule.

Zoezi likatimia 52. Mkataba wa Doha bado una miezi, na watoto hawakutaka kuacha, ila safari hii wamegeuza mambo. Sasa wao ndio watoao neno kila Jumamosi, na mama mtu ndiye apigaye. Katika nyumba ya watu anayofanyia kazi haruhusiwi kupiga picha, nayo ni haki ya wenye nyumba, kwa hiyo atafute vilivyo vyake mwenyewe. Mjukuu wangu wa kike alitoa neno la kwanza: viatu. Ijumaa ikaja picha ya malapa meusi mawili kwenye zulia dogo, karibu na kitanda chembamba cha chuma. Mtoto akaileta simu karibu na pua yake, akayachunguza kwa muda, kisha akamwita nyanyake aje atazame, mama amenunua mapya.